Kufufua Magemu ya Kompyuta Uliyojifunzia Utotoni: Mwongozo kwa Mtu wa Tanga

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. "Kaka, kuna gemu nilicheza nikiwa chekechea, lina kigari cha zambarau chenye macho, linaitwaje?" "Nimeipata CD yetu ya zamani, nikiiweka kwenye laptopu inasema programu haifai kwa kompyuta hii." "Nataka mwanangu acheze lile nililojifunzia kuhesabu, nilipate wapi?" Nimeandika hatua zote hapa kwa mpangilio. Zifuate zilivyo, hasa ya 3 na ya 4, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza kitu ambacho hakirudi.

Nawaandikia hasa waliokulia Tanga miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili. Kompyuta zilikuwa chache: moja ofisini kwa mzazi, moja kwa mjomba aliyerudi kutoka ng'ambo, mbili tatu kwenye darasa la kuchapa pale Ngamiani. Nyingi zilikuwa za mtumba, na zilikuja na magemu ya watoto wa huko zilikotoka. Ndiyo maana mtoto wa Makorora alijua kuhesabu vipande vya theluji kabla hajaiona theluji kwa macho yake. Magemu yale yalitufundisha kweli, na mengi bado yanaweza kuchezwa leo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kompyuta yoyote nzima. Haihitaji nguvu; magemu haya yalitengenezwa kwa mashine zenye RAM ya MB 4 au 8.
- Draivu ya CD ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB. Laptopu za sasa hazina sehemu ya CD. Kama huna, waulize wanaorekodi video za harusi au mwenye stesheneri ya siku nyingi. Wengi bado wanayo na watakuazima au watakufanyia palepale.
- Flashi ya GB 16 iliyo tupu, na sehemu ya pili ya kuhifadhia, hata kama ni kompyuta ya ndugu yako.
- Kipande cha kanga kuukuu ya pamba, laini, iliyofuliwa mara nyingi.
- Daftari na kalamu.
- Bando la kiasi. Programu ya DOSBox, inayoendesha magemu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), haifiki MB 5. ScummVM, nayo ni programu ya kuendeshea magemu ya zamani, ni kubwa zaidi. Nakala ya CD nzima inaweza kufika MB 700, kwa hiyo usianze kuipakua kwa bando la siku.

Uliza pia nyumbani kama kuna kompyuta iliyolala stoo yenye Windows XP. Usikubali iuzwe kwa wanunua vyuma chakavu. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Andika unachokumbuka, na intaneti ngoja kwanza

Kaa na daftari uandike kila kitu: rangi, mnyama, sauti, wimbo, kilichotokea ukipatia, kilichotokea ukikosea. Andika kompyuta ilikuwa ya nani na ulikuwa darasa la ngapi. Ukianza kwa kutazama picha na video kwenye simu, baada ya nusu saa hutajua tena kipi ulikiona utotoni na kipi umekiona leo. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka mitano ni nyepesi, inajazwa haraka.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika somo na kuacha kituko. "Lilikuwa gemu la hesabu" halikusaidii kitu, yapo mamia. Dada mmoja wa Chumbageni alikuja na jambo moja tu: daraja, na mwamba unaopiga chafya. Alikuwa ametafuta "gemu la hesabu la watoto" hadi akachoka. Tulipoandika kwa Kiingereza mwamba, daraja na chafya, jibu lilikuja papo hapo: Zoombinis, gemu la mwaka 1996. Kuna viumbe vidogo vya buluu vinavyotofautiana nywele, macho, pua na miguu, na kila mwamba una aina usiyoitaka. Ukimpitisha kiumbe asiyetakiwa, mwamba unapiga chafya na kumrusha nyuma. Mtoto anajifunza kupanga vitu kwa sifa zake bila kuambiwa kwamba hilo ndilo somo. Kila sifa ina aina tano, kwa hiyo viumbe tofauti wanaowezekana ni 625. Hesabu hiyo dada yule hakuijua alipokuwa mdogo, lakini chafya aliibeba zaidi ya miaka ishirini.

Hatua ya 2: Geuza kumbukumbu iwe jina

Linganisha daftari lako na haya, ambayo ndiyo ninayoulizwa zaidi:

- Kigari cha zambarau kinachoongea: Putt-Putt. Lilianza mwaka 1992, kampuni ya Humongous Entertainment ya Marekani.
- Samaki wa njano na rafiki yake wa kijani wanaotatua fumbo baharini: Freddi Fish, kampuni hiyohiyo, 1994.
- Mtoto mwenye nguo za kulalia na joho jekundu, anayeogopa giza: Pajama Sam, 1996, nao ni walewale.
- Unajibu hesabu, kisha unapiga takataka angani: Math Blaster.
- Sungura anayefundisha herufi na maneno: Reader Rabbit.
- Ngome ya kale, unajibu maswali ya maarifa ili mlango ufunguke: MindMaze. Hili halikuwa na CD yake. Lilikuwa ndani ya kamusi elezo ya Encarta ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1993 na kusimamishwa mwaka 2009. Wengi wanalitafuta kwa jina lake wakalikosa. Tafuta CD ya Encarta.
- Mama mweusi aliyevaa vizuri kwenye jalada, anakufundisha kuchapa kwa vidole kumi: Mavis Beacon, toka mwaka 1987. Mtu wa jina hilo hakuwahi kuwepo. Aliyepigwa picha ya jalada ni Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti.

Kama lako halimo, tafuta kwa Kiingereza ukitumia vituko viwili au vitatu vya ajabu zaidi ulivyoviandika. Waulize pia kaka na dada zako, kila mmoja peke yake. Mkikaa pamoja, mkubwa akishasema, wadogo wote watakumbuka alichosema yeye.

Hatua ya 3: Itafute CD, uisafishe

Tazama nyuma ya kabati la TV, kwenye sanduku la nyaya, ndani ya mifuko ya vyeti. Tazama pia ndani ya draivu ya ile kompyuta ya stoo. Mara nyingi CD ya mwisho kuchezwa bado imo humo. Kama kompyuta haiwaki, chukua sindano ya kushonea au waya mwembamba, usukume taratibu kwenye kitundu kidogo cha mbele ya draivu, kijisahani kitatoka.

Sasa ishike kwa kingo, uigeuze. Upande wa chini ukiwa wa fedha tupu, hiyo ni CD ya kiwandani. Ukiwa na rangi ya kijani au buluu, ni ya kuchomwa, na hizo hufa mapema. Anza na za kuchomwa.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na wakati wa masika ukungu unaota hata juu ya plastiki. Utauona kama madoa meupe au nyuzinyuzi. Safisha hivi:

1. Osha mikono. Suuza CD kwa maji safi ya uvuguvugu ili mchanga utoke kwanza. Ukisugua mchanga ukiwa bado juu, umeikwaruza mwenyewe.
2. Tia tone moja la sabuni ya maji, upitishe kwa ncha ya kidole.
3. Suuza tena, kisha futa kwa kanga ukitoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imepangwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu kipande kirefu kwa pamoja. Unaokatiza, draivu inaweza kuuruka.
4. Iache ikauke kivulini, imesimama. Usiianike juani.

Onyo kubwa: upande wenye picha na maandishi ndio dhaifu zaidi. Watu wanaulaza mezani wakidhani wanaulinda ule unaong'aa. Upande unaong'aa una plastiki ya unene wa zaidi ya milimita moja. Upande wa picha una rangi nyembamba tu, na chini yake ndipo ilipo tabaka inayobeba data. Ukiichubua, hakuna fundi wa kuirudisha. Usitumie petroli, tina wala dawa ya meno, na usibandike wala kubandua stika.

Hatua ya 4: Nakili kabla ya kucheza

Najua hamu iliyopo. Umeishika mkononi baada ya miaka yote hiyo, unataka kuisikia ile sauti ya mwanzo. Subiri. CD kuukuu inaweza kusomeka mara moja na isisomeke tena, na mara hiyo moja iwe ya kunakili.

Unatengeneza nakala kamili ya CD kama faili moja, linaloitwa ISO. Kwenye Windows tumia ImgBurn, chagua "Create image file from disc", taja pa kuhifadhi, acha ifanye kazi. Kama CD ina nyimbo za kawaida pamoja na data, itakupa mafaili mawili, la BIN na la CUE. Yatunze yote mawili kwenye folda moja.

Kama CD inasuasua, tafuta mwenye kompyuta ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) na utumie ddrescue, programu ya kuokoa data, kwa kuandika amri hii:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 gemu.iso gemu.map

Kisha, kwa sehemu zilizogoma:

ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 gemu.iso gemu.map

Naipenda hii kwa sababu faili la gemu.map linaandika ilipofikia. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha katikati, ukirudi unaandika amri ileile nayo inaendelea pale ilipoachia. Tena ukienda kujaribu kwa draivu nyingine, beba mafaili yote mawili. Mara nyingi draivu ya pili inasoma kile ya kwanza ilichoshindwa.

Ukimaliza, weka nakala sehemu mbili. Andika jina la gemu na mwaka kwenye jina la faili, usiache "image1". Na kama CD ilikuwa ya kuchomwa, pitisha antivirusi kwenye nakala kabla hujafungua chochote. CD na flashi zilizozunguka mtaani miaka ile zilibeba virusi vingi.

Hatua ya 5: Jua gemu ni la enzi gani

Kwenye Windows 10 au 11, bofya faili la ISO mara mbili nalo litafunguka kama CD. Tazama ndani.

- Ukiona mafaili yanayoishia na HE0 na HE1, ni ya Humongous. Nenda ScummVM.
- Ukiona mafaili ya EXE (yale ya kuanzishia programu) yenye tarehe za kabla ya 1993 au hivi, huenda ni ya DOS. Jaribu DOSBox. Ikikujibu kwamba programu inahitaji Microsoft Windows, basi ni ya Windows.
- Ukiona SETUP.EXE na maandishi yanayotaja Windows 3.1 au Windows 95, nenda 6c.

Soma pia faili la README kama lipo. Hapo mara nyingi wameandika kila kitu, na watu hawalifungui.

Hatua ya 6: Liendeshe

*6a. ScummVM.* Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ipo tangu mwaka 2001, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Mac na simu za Android. Nakili mafaili yote ya gemu kwenye folda moja, fungua ScummVM, bofya "Add Game", onyesha folda. Italitambua yenyewe kwa jina. Kosa la kawaida ni kunakili faili moja unalodhani ndilo gemu. ScummVM haihitaji EXE, inahitaji data, kwa hiyo nakili yote.

*6b. DOSBox.* Tengeneza folda, tuseme C:\michezo, uweke gemu ndani. Fungua DOSBox uandike:

mount c c:\michezo
c:
dir

Utaona orodha. Ingia kwenye folda ya gemu kwa "cd" na jina la folda, kisha andika jina la faili la EXE. Kama gemu linadai CD, andika kabla ya kulifungua:

imgmount d c:\michezo\gemu.iso -t iso

Alt na Enter inajaza skrini. Ctrl na F10 inaachia mausi. Ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani, hasa kama atakayecheza ni mtoto.

*6c. Magemu ya Windows za zamani.* Hapa ndipo watu wanapokata tamaa bila sababu. Windows za leo ni za biti 64, nazo haziendeshi kabisa programu za biti 16 za enzi za Windows 3.1. Hakuna cha kubofya kitakachobadilisha hilo. Njia zipo tatu.

Ya kwanza ni ile kompyuta ya stoo yenye Windows XP ya biti 32. Inaendesha mengi ya magemu haya bila maneno. Usiiunganishe na intaneti. Microsoft waliacha kuilinda tangu Aprili 2014. Hamisha mafaili kwa flashi, basi.

Ya pili ni programu ndogo iitwayo winevdm, inayoendesha programu za biti 16 ndani ya Windows ya biti 64. Buruta faili la EXE la gemu uliangushe juu ya otvdm.exe, na mara nyingi linafunguka.

Ya tatu ni kuweka Windows ya zamani ndani ya kompyuta pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima, kama 86Box. Inafanya kazi vizuri, ila inataka subira na diski zako za Windows hiyo. Usianzie hapa.

Jambo moja linalosahaulika: magemu mengi ya 1995 na kuendelea yenyewe ni ya biti 32, ila kisakinishi chake ndicho cha biti 16. Kwa hiyo SETUP ikigoma, usihitimishe kwamba gemu limekufa. Nakili folda ya gemu moja kwa moja kutoka kwenye CD, tafuta EXE nyingine ndani yake, ujaribu hiyo.

Hatua ya 7: Kama CD haipo kabisa

Anza na maduka. Magemu ya Humongous yanauzwa hadi leo kwenye Steam na GOG, na Zoombinis lilitengenezwa upya mwaka 2015. Gemu kuwa la zamani hakulifanyi liwe la bure, na likiwa linauzwa, linunue. Utapata faili safi.

Kwa magemu ya DOS, maktaba ya Internet Archive iliweka maelfu kadhaa ya kuchezwa ndani ya kivinjari kuanzia Januari 2015. Bofya, subiri lipakie, cheza. Mengi ni ya MB chache. Tumia kompyuta, maana kwenye simu kibodi inasumbua. Na usitegemee kuendelea kesho ulipoishia leo, kwani ukifunga kivinjari maendeleo yako kwa kawaida yanapotea.

Kama gemu lako ulilichezea kwenye intaneti kafe, kuna uwezekano lilikuwa la Flash, programu iliyoendesha magemu ndani ya kivinjari. Adobe walisimamisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na Januari iliyofuata ikazuiwa kabisa. Tafuta Flashpoint, hifadhi ya magemu hayo, uchague toleo linalopakua gemu mojamoja. Hifadhi nzima ni kubwa mno kwa bando la yeyote.

Jihadhari na tovuti zinazokupa "kisakinishi" cha ajabu badala ya ISO au ZIP. Na mtu akikuomba umtumie pesa kwa simu ndipo akupe gemu, achana naye.

Likigoma

*Linakwenda mbio mno.* Gemu linafuata kasi ya kompyuta. Kwenye DOSBox, bonyeza Ctrl na F11 mara kadhaa kulipunguza, Ctrl na F12 kuliongeza.

*Linafunguka bila sauti.* Kwenye gemu la DOS, tafuta ndani ya folda faili kama SETUP au INSTALL, uchague Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1.

*Linadai rangi 256.* Bofya EXE kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Compatibility", weka rangi za biti 8.

*Linasema weka CD ilhali ISO imefunguka.* Mengine yanatafuta CD kwenye herufi D tu. Badilisha herufi ya draivu iwe D.

*Video ndani ya gemu hazionekani.* Mengi yalitegemea QuickTime ya zamani, ambayo kwa kawaida imo kwenye CD hiyohiyo. Isakinishe ndani ya kompyuta ya XP au kompyuta pepe, usiiweke kwenye Windows yako ya kila siku.

*Draivu inanguruma na haisomi.* Itoe CD, iache draivu ipoe, jaribu draivu nyingine. Ya kompyuta ya mezani aghalabu husoma vizuri kuliko za nje nyembamba. Usiirudishe CD ndani mara kwa mara kwenye draivu ileile.

*Mtoto haelewi Kiingereza chake.* Kaa naye mara za kwanza umsomee. Tulivyojifunza sisi ilikuwa hivyohivyo, mkubwa mmoja akitafsiri na wengine watatu wamebanana kwenye kiti.

Ukifuata yote haya na bado likagoma, niulize, ila njoo na vitu vitatu: jina la gemu au ukurasa wako wa daftari, toleo la Windows unalotumia, na ujumbe wa kosa ulivyoandikwa, neno kwa neno. Picha ya skrini inatosha.